Biskuti zilizolowesha mifuko: kisa cha mafuta mgando mjini Kigoma

Malalamiko yalianza na mifuko ya kaki. Ofisi moja mjini Kigoma ilikuwa na mazoea ya kuagiza biskuti za chai ya mikutano kwa mama mmoja wa Mwanga, mjini humohumo, mwenye oveni ya gesi na meza ndefu ya mbao uani kwake. Safari hiyo mifuko ilifika imelowa mafuta hadi nje, na biskuti zilimeguka kabla hazijafika mdomoni. Zikarudishwa. Mama hakuwa amepunguza sukari, hakubadili unga, wala hakuziacha ovenini kupita kiasi. Alibadili kitu kimoja tu: aliacha mafuta mgando aliyoyazoea, akatia mafuta ya alizeti ya maji, uzito kwa uzito.

Alikuwa na sababu nzuri. Mumewe ana presha, na kliniki walimshauri aangalie mafuta anayokula. Halafu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikapita sauti ya mtu asiyejulikana, akieleza kwa uhakika wote kwamba mafuta yanayoganda koponi huganda pia kwenye mishipa ya moyo. Mama akaona haiwezekani wao nyumbani wajikinge halafu wawauzie watu kile wanachokikimbia. Nampa heko kwa hilo. Ila ile sauti ilichanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo ndio uliomtia hasara.

Mafuta ya kupima

Nilipoitwa, nilianza kwa kuuliza mafuta ya zamani yalikuwa yapi. "Ya kupima, mwanangu," akajibu. Yaani yale yanayochotwa kwa mwiko kutoka kwenye ndoo kubwa sokoni, yakawekwa kwenye mizani na kufungwa. Ndoo ina maandishi yake, lakini mnunuzi wa nusu kilo hayasomi, na mara nyingi upande wenye maandishi umegeuziwa ukutani.

Hilo si jambo dogo, kwa sababu ndani ya ndoo kama ile panaweza kuwa na mojawapo ya vitu viwili vinavyofanana kabisa kwa macho. Kimoja ni mawese yaliyosafishwa hadi kuwa meupe, ambayo huganda kwa asili yake. Kingine ni mafuta ya mbegu, ya maji kwa asili, yaliyogandishwa kiwandani kwa kupitishiwa haidrojeni nusunusu. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyeonyesha mwaka 1901 kwamba mafuta ya maji yanaweza kugeuzwa kuwa mgando kwa haidrojeni, nikeli ikiwa kichocheo. Kwa miongo mingi teknolojia hiyo ilihesabiwa kuwa baraka: mafuta rahisi, yanayokaa muda mrefu bila kuchacha, yanayofanya kazi ya siagi bila ng'ombe.

Ubaya wake ulikuwa ndani ya molekuli. Asidi za mafuta zilizoshiba, yaani zilizojaa haidrojeni kadiri zinavyoweza kubeba, zimenyooka, kwa hiyo hupangika vizuri na kuganda, kama kuni zilizonyooka zinavyokaa vizuri kwenye mzigo. Zile ambazo hazijashiba, kama za alizeti, zina kipindo. Zinaacha nafasi kati yake, na mafuta hubaki maji. Haidrojeni ikitiwa nusunusu, baadhi ya vipindo havishibi bali vinanyooshwa kwa mkao usio wa kawaida. Hayo ndiyo mafuta ya transi. Yanaganda kama yaliyoshiba, lakini mwilini yanaleta madhara zaidi. Mwaka 1990 Waholanzi Ronald Mensink na Martijn Katan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba transi hupandisha lehemu mbaya, LDL, na wakati huohuo hushusha ile nzuri, HDL. Mafuta yaliyoshiba hupandisha LDL, lakini hayana hilo pigo la pili.

Sasa tazama hesabu ya biskuti za mama. Kwa kilo moja ya unga anatia gramu 400 za mafuta na gramu 350 za sukari, pamoja na mayai na maziwa kidogo. Zikishaiva, mfuko wa gramu 50 unabeba takribani gramu 11 za mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema mafuta yaliyogandishwa nusunusu yana transi kati ya 25 na 45 kwa kila mia. Chukua 30 tu: mfuko mmoja una gramu 3.3 za transi. Kikomo cha shirika hilohilo ni chini ya asilimia 1 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 2.2. Mfuko mmoja wa chai ya saa nne umekwisha kuruka mpaka, na mchana hajala.

Denmark iliweka kikomo kwa sheria mwaka 2003: gramu 2 za transi kwa kila gramu 100 za mafuta. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaziomba nchi zote zifuate njia hiyo au zipige marufuku kabisa mafuta yaliyogandishwa nusunusu. Kwa mama wa Mwanga maana yake ni fupi: asinunue tena mgando usio na maandishi. Kama kopo lina maandishi, na kwenye orodha ya viambato pana neno la Kiingereza "hydrogenated", alirudishe kwenye rafu. Yapo mafuta yaliyoshibishwa kwa haidrojeni hadi mwisho, na hayo karibu hayana transi, lakini maandishi ya kopo si kila mara yanatofautisha, na yeye hana maabara uani.

Mawese hayana kesi hiyo

Hapa ndipo sauti ya WhatsApp ilipoharibu. Ilimfanya mama aogope chochote kinachoganda, na kitu cha kwanza kinachoganda mkoani Kigoma ni mawese. Dumu lolote lililokaa siku chache chumbani huonyesha hivyo: juu mafuta mekundu yanayotiririka, chini chengachenga za rangi ya njano. Mawese yameshiba karibu nusu, na sehemu kubwa ya huko kushiba ni asidi ya palmitiki. Kwa hiyo hayana sifa ya kuliwa bila kiasi. Lakini transi za kiwandani hayana, maana hayakuhitaji haidrojeni ili yagande.

Na kuganda koponi si kuganda kwenye mshipa. Mafuta tunayokula hayaingii kwenye damu kama vipande vya mgando. Humeng'enywa, hufungwa upya na kusafirishwa. Yaliyoshiba yanadhuru kwa njia nyingine: yanapunguza uwezo wa ini wa kuiondoa LDL kwenye damu, nayo hubaki ikizunguka na kujenga utando kwenye kuta za mishipa. Ndiyo sababu ushauri juu yake ni wa kiasi, chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu yuleyule wa kalori 2,000.

Linaniudhi kidogo kwamba uvumi wa namna hii unaushika mkoa ambao tangu 2018 umekuwa ukihimizwa na serikali kufufua michikichi, wenye kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinachozalisha miche ya Tenera, aina ya mchikichi, katika nchi ambayo bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje. Mtu anaacha mawese ya jirani kwa hofu, anakwenda kununua mgando asioujua asili yake.

Mgando ulikuwa na kazi

Turudi kwenye mifuko iliyolowa. Mafuta mgando kwenye biskuti si ya ladha peke yake. Ukiyapiga pamoja na sukari, fuwele zake ndogo hushika viputo vya hewa. Ukitia unga, hukaa kati ya chembe na kuzuia gluteni, protini ya ngano inayovutika, isijenge nyuzi ndefu, ndiyo maana biskuti inakatika badala ya kuvutika. Na ikishapoa, sehemu ya mafuta huganda tena ndani yake, ikayashika yaliyobaki yasitoke. Mafuta ya maji hayafanyi hata moja kati ya hizo ipasavyo. Yanapenya kwenye unga, hewa haishikiki, na biskuti ikipoa yanaanza safari ya kuelekea kwenye karatasi.

Kwa hiyo ukiondoa mgando lazima uweke kitu kingine cha kubeba kazi yake. Lakini si kila anachouza mama kinahitaji hicho kitu, na hili watu hulisahau wanapoanza kusikia habari za mafuta ya kisasa yenye umbo. Skonzi zake zina mafuta kidogo sana kwa kulinganisha na unga. Alizeti ya maji inatosha kabisa, akande vizuri tu na auache unga uumuke. Keki za kawaida zinakubali mafuta ya maji kama hewa itatoka kwenye mayai: apige mayai na sukari mpaka yapauke na kuwa mazito, mafuta yafuate baadaye. Kosa ni kupiga sukari na mafuta ya maji na kutegemea yavimbe.

Mandazi ndiyo yaliyonifanya nimwombe arudi nyuma. Alikuwa ameanza kuyakaangia kwenye alizeti, na karai lile hukaa motoni asubuhi nzima. Alizeti ya kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo haivumilii moto wa kurudiarudia: mafuta yanakuwa mazito, yanatoa povu, yananata pembeni mwa karai. Sehemu ya maji ya mawese, ile ya juu ya dumu, inavumilia zaidi. Nikamwambia akaangie hiyo, asiongezee mafuta mapya juu ya yale yaliyochoka kwa siku kadhaa mfululizo, na achuje chenga za unga kila akimaliza.

Baada ya kuyapanga hivyo, kilichobaki chenye shida ya kweli kilikuwa biskuti peke yake, na krimu ya keki za sherehe.

Njia tatu, moja ikiwa mbali

Viwanda vikubwa vilivyoacha transi vingi vimehamia kwenye kupanga upya asidi za mafuta. Kila molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyobeba asidi tatu. Unaweza kuchukua mafuta magumu na ya maji, ukazifungua asidi hizo na kuzifunga tena kwa mpangilio mwingine, ukapata mgando unaoyeyuka kwenye joto unalolitaka, bila transi. Kazi hiyo hufanywa kwa kichocheo cha kemikali au kwa kimeng'enya kiitwacho lipasi. Kigoma ina malighafi inayofaa kabisa: sehemu ngumu ya mawese na mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya chikichi, ambayo leo mengi yanaishia kwenye sabuni. Lakini ni kazi ya mtambo, inataka mafuta makavu kabisa na usimamizi wa mkemia. Tena tusidanganyane: inaondoa transi, haiondoi kushiba. Mafuta ya mise yameshiba zaidi ya asilimia 80.

Ajabu ni kwamba lipasi ya namna yake ipo tayari kwenye tunda la mchikichi, ila inafanya kazi ya kuharibu. Chikichi zikivunwa na kurundikwa siku nyingi ili zilegee, kimeng'enya hicho hukata asidi kutoka kwenye mafuta. Ndiyo mawese yale yanayowasha kooni na kutoa moshi mapema. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu mawese yasiyosafishwa yawe na asidi ambayo kuizima hakuhitaji zaidi ya miligramu 10 za haidroksidi ya potasiamu kwa kila gramu ya mafuta, na chikichi zilizolala mno hulipita hilo kwa urahisi. Mama nilimsisitizia atafute mkamuaji anayechemsha chikichi mapema baada ya kuvuna, hata kama bei imezidi kidogo.

Njia ya pili ni ile ya dumu. Ukiliacha mahali palipo tulivu na baridi kiasi, ukamimina ya juu taratibu na kukamua ya chini kwenye kitambaa safi, unapata mgando wa asili ambao haujaguswa na haidrojeni. Tatizo, mgando huo umeshiba kuliko mawese mazima. Weka 60 kwa mia ukadirie. Ukiutumia peke yake umekimbia transi ukaangukia kwenye yaliyoshiba.

Njia ya tatu inatoka Tabora. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Ukiiyeyusha kidogo ndani ya mafuta ya maji kisha ukapoza, inaunda wavu wa fuwele nyembamba sana unaoyanasa mafuta, yakasimama kama jeli. Wataalamu huita oleojeli. Asidi za alizeti hazijabadilika hata moja. Zimezuiwa tu zisitiririke. Wengine hutumia nta ya pumba za mpunga, na kule Kanada, Chuo Kikuu cha Guelph, Alejandro Marangoni na wenzake wameshughulika sana na etiliselulosi, kitu kinachotengenezwa kutokana na selulosi ya mimea, ambayo inataka moto wa nyuzi zaidi ya 140 ili ikubali kuyeyuka. Sisi tuna nta ya miombo, na reli ya kati inapita Tabora kabla ya kufika Kigoma. Sikuona sababu ya kwenda mbali.

Uani

Nta ililetwa kwenye donge la rangi ya kahawia, na ndani mna miguu ya nyuki na vumbi la magome. Tuliiyeyusha juu ya maji ya moto, tukachuja kwa kitambaa, ikapoa ikaelea safi juu ya maji. Muuzaji tulimchagua kwa kujua wapi anapoitoa, kwa sababu nta inayochanganywa na mafuta ya mshumaa ipo, na kwa macho hutaijua.

Mchanganyo kwa gramu 400 za mafuta ya biskuti ulikuwa huu: gramu 100 za sehemu ngumu ya mawese, gramu 285 za alizeti, gramu 15 za nta. Vyote kwenye sufuria ndogo iliyokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mpaka kipimajoto kisome karibu 80 na pasibaki hata chembe moja ya nta. Kisha sufuria ikahamishiwa kwenye beseni la maji baridi. Kupoza haraka kuna maana: fuwele zinakuwa ndogo na nyingi, wavu unashika zaidi. Ukiiacha ipoe yenyewe pembeni mwa jiko utapata chengachenga.

Hesabu ya kushiba: mawese magumu gramu 60, alizeti yenye asilimia 11 gramu 31. Jumla 91 kwa 400, yaani kama 23 kwa mia. Kwa gramu 11 za mafuta kwenye mfuko mmoja, yaliyoshiba ni gramu 2.5, wakati mawese mazima peke yake yangekuwa na gramu 5.5. Transi hakuna ya kuhesabu.

Mama hakuridhika na ulaini wake. Nilipoondoka aliongeza nta akidhani ikiwa ngumu zaidi ndiyo bora, na biskuti zilizotoka zilisimama vizuri mno. Shida ilikuwa mdomoni. Mdomo una nyuzi 37, nta inataka 62, kwa hiyo ikizidi haiyeyuki, inaacha utando kaakaani. Mjukuu wake alizitema akasema zina ladha ya mshumaa. Akarudi kwenye kipimo. Kwa mchanganyo kama huu, nta isizidi 5 kwa mia ya jeli.

Jeli ya kipimo sahihi ilipigwa na sukari ikakubali, ingawa haikuvimba kama mgando wa zamani, na biskuti zikakatwa kwa mdomo wa glasi na kuokwa. Tukaziweka kwenye kaki usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa na alama hafifu chini, si doa. Rangi ilikuwa ya dhahabu kwa sababu ya mawese, na wale wateja wa ofisini walidhani ameongeza mayai. Hakuwasahihisha. Nilimwambia awasahihishe; mwenye mzio wa mayai au asiyekula mayai ana haki ya kujua kilichomo.

Yaliyobaki mezani

Alizeti huchacha mapema kuliko mgando wa mawese. Biskuti hizi hazikai dukani muda mrefu kama za zamani, na jeli yenyewe inataka chombo kisichopitisha mwanga, mbali na bati la jua. Mama sasa anaoka kidogokidogo kwa oda badala ya kujaza ndoo. Hilo limepunguza mauzo ya rejareja, na sitaki kulificha kwa anayetaka kumwiga.

Upande wa sheria, nta ya nyuki ipo kwenye orodha ya Codex kwa namba 901, lakini inajulikana zaidi kama kitu cha kung'arishia vyakula. Kwa hiyo kabla ya kuomba nembo ya ubora na kuziingiza madukani, lazima awaulize TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kama matumizi haya yanakubalika kwa biskuti na kwa kiasi gani. Wakikataa, anayo njia ya kupunguza: mawese magumu yapande kidogo, nta itoke, biskuti ziwe nyembamba.

Krimu ya keki za harusi imetushinda. Ukumbini saa tisa alasiri, milango ikiwa wazi na watu mia kadhaa wakicheza, jeli ya nta haibebi maua ya krimu. Inalegea ikishapigwa sana. Kwa hiyo tumekubaliana atumie mgando wa mawese meupe wenye maandishi yanayosomeka, usiopitia haidrojeni, apake tabaka jembamba, na anayetaka maua makubwa alipie zaidi.